Mlipuko umetangazwa na shule ziko wazi: mtoto aende, abaki nyumbani, au apelekwe kwa ndugu?

Serikali inapofunga shule, mzazi hana la kuamua. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipotangaza Machi 17, 2020 kwamba shule za Tanzania zifungwe kwa sababu ya UVIKO-19, amri ilikuwa moja kwa kila nyumba, na zilipofunguliwa zote Juni 29 mwaka huohuo, ruhusa nayo ilikuwa moja. Milipuko mingi inayotukuta, hata hivyo, haiji namna hiyo. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015 na baadaye kuenea mikoani, macho mekundu yalipopita madarasani Januari 2024, wagonjwa wa kwanza wa Mpox (homa ya nyani) walipothibitishwa nchini Machi 2025, na kila mara surua inapozuka katika wilaya fulani, kengele ya shule huendelea kugongwa, naye mzazi hubaki na swali ambalo tangazo la redioni halimjibu.

Hapa tunalinganisha njia tatu ambazo wazazi wengi huzifikiria: kuendelea kumpeleka mtoto shuleni kwa masharti, kumbakisha nyumbani kwa muda, na kumpeleka kwa ndugu aliye mbali na mlipuko. Ulinganisho huu unamhusu mtoto mzima. Mtoto mwenye homa, anayeharisha au kutapika, mwenye upele au macho yanayotoa tongotongo haendi shule, anakwenda kituo cha afya, na suala lake halina njia tatu. Vivyo hivyo, mtoto aliyegusana na mgonjwa wa Marburg au Ebola, homa kali za virusi, hufuatiliwa na wahudumu wa afya kwa siku 21, na mzazi hufuata maelekezo yao badala ya kutafuta njia yake.

Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

La kwanza, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua nusu ya shauri, ni njia ambayo ugonjwa wenyewe hupita. Tunazungumza juu ya "mlipuko" kana kwamba yote ni mamoja, ilhali kuketi dawati moja na mwenzako kuna maana tofauti kabisa kwa kila ugonjwa. Kipindupindu huingia kwa mdomo, kupitia maji, chakula na mikono iliyochafuliwa na kinyesi chenye vimelea, na dalili huweza kuanza saa chache hadi siku tano baada ya kuambukizwa. Wengi wanaobeba vimelea hivyo hawaumwi kabisa au huumwa kidogo tu, lakini bado huvitoa chooni kwa siku kadhaa. Kwa hiyo hatari ya kipindupindu shuleni haiko darasani, iko kwenye choo, kwenye mtungi wa maji ya kunywa na kwenye sinia la anayeuza vitafunio getini.

Surua ni kinyume chake. Husafiri hewani, na virusi vyake vinaweza kubaki katika hewa ya chumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Kati ya watu wasio na kinga, mgonjwa mmoja anakadiriwa kuwaambukiza wengine 12 hadi 18, tena huanza kuambukiza siku nne kabla upele haujaonekana. Mwalimu anayekuhakikishia kwamba darasani hakuna mwenye upele anasema kweli, lakini kweli hiyo haikusaidii. Kinachokusaidia ni kadi ya kliniki: Tanzania hutoa chanjo ya surua na rubela mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18, na mtoto aliyepata dozi zote mbili yuko katika hali nyingine kabisa na yule aliyepata moja au asiyepata hata moja.

Macho mekundu hupitia mikono, vitambaa na taulo, huenea upesi sana, ila kwa kawaida hayatishii uhai. Mpox huhitaji mgusano wa karibu na ngozi yenye vidonda, au na nguo na matandiko ya mgonjwa, na dalili hujitokeza kati ya siku 3 na 21. Marburg, ambayo mkoa wa Kagera uliipata mwaka 2023 na tena mwaka 2025, huambukizwa kwa majimaji ya mwili wa mtu aliyekwisha kuonyesha dalili au aliyekufa nayo, na ndiyo maana wanaoambukizwa kwanza huwa ni wauguzaji wa nyumbani, wahudumu wa afya na waosha maiti.

La pili ni shule yenyewe. Usiipime kwa jina lake wala kwa ada yake. Nenda mwenyewe, na usiende asubuhi wakati mazingira yamefagiwa. Nenda saa nne, watoto wanapotoka mapumziko, kisha simama karibu na vyoo kwa dakika kumi. Mwongozo wa Tanzania unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, lakini idadi haitoshi, tazama watoto wanapotoka. Je, kuna mahali pa kunawa palipo njiani mwao, au ndoo yenye bomba imewekwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu ambako mgeni ataiona na mtoto hatapita? Kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti, kina maji, au kimebaki kamba na kijiti? Kipande cha sabuni kilichotiwa kwenye wavu na kuning'inizwa kwenye mti, kikiwa kimelowa na kupungua, ni ushahidi bora kuliko bango lolote la kunawa mikono, kwa sababu sabuni isiyopungua haitumiki. Kisha tazama maji ya kunywa. Pale ambapo mtungi mmoja una kikombe kimoja kilichofungwa kwa kamba, na kila mtoto anakichovya na kukirudisha, hapo ndipo kipindupindu kitapita hata kama darasa lina madirisha makubwa.

La tatu ni nyumba yako. Wazazi wengi huilinganisha shule ilivyo na nyumba kama wanavyotamani iwe. Katika shauri wanaiona nyumba tulivu, yenye mtu mzima, maji yaliyochemshwa na mtoto anayesoma mezani. Nyumba halisi huenda ni chumba na sebule katika uwanja wa wapangaji wanane wanaotumia choo kimoja, maji yananunuliwa kwa ndoo kutoka kwenye mkokoteni ambao hakuna ajuaye ulijazwa wapi, na mama anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda sokoni. Nyumba hiyo si lazima iwe salama kuliko shule yenye kisima kirefu na mwalimu wa afya anayejua kazi yake.

La nne ni mtoto: umri wake, chanjo zake, na kama ana maradhi mengine. Mwenye sikoseli, mwenye utapiamlo, mwenye pumu isiyodhibitiwa au anayeishi na virusi vya UKIMWI hapimwi kwa kipimo cha ndugu yake wa tumbo moja, na daktari wake aulizwe kwanza. La tano ni mahali alipofika kimasomo, kwa kuwa wiki mbili za darasa la pili si sawa na wiki mbili kabla ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi.

Njia ya kwanza: aendelee kwenda, kwa masharti

Kuhusu ugonjwa. Kwa magonjwa yanayopitia mdomoni na mikononi, njia hii hufanya kazi vizuri pale ambapo masharti yanatekelezeka na mtoto mwenyewe. Masharti hayo ni machache. Atoke nyumbani na chupa yake ya maji yaliyochemshwa hadi kutokota au kutiwa dawa ya klorini, ale nyumbani kabla ya kutoka, abebe chakula chake cha moto kilichofunikwa au ale uji wa shule ulio moto, asinunue getini embe lililokatwa, mihogo yenye chachandu, ubuyu wala barafu za vifuko, na abebe kipande chake cha sabuni. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuyashika masharti haya. Mtoto wa awali hawezi, na si kosa lake. Atabadilishana chupa na rafiki yake kabla ya saa tatu, kwa hiyo kwake tegemeo ni mwalimu na usafi wa shule, wala si maelekezo uliyompa asubuhi.

Kwa surua, masharti ya sabuni na chupa hayana uzito mkubwa. Kwa mtoto mwenye dozi mbili njia hii inafaa karibu moja kwa moja. Kwa asiye na chanjo haifai mpaka apelekwe kliniki kwanza, tena haraka, kwani chanjo inayotolewa ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa bado inaweza kumkinga au kupunguza makali.

Kuhusu masomo. Ndiyo faida yake iliyo wazi. Lakini kuna nyingine ambayo haitajwi sana: mtoto aliye shuleni yuko mahali ambapo mtu atagundua akianza kuumwa. Shule nyingi za Afrika Magharibi zilifunguliwa upya mwaka 2015 wakati Ebola haijaisha kabisa, Guinea ikianza Januari, Liberia Februari na Sierra Leone Aprili, na kilichofanya hilo liwezekane ni kupima joto na kunawa mikono getini, pamoja na utaratibu wa kumtenga na kumpeleka hospitali mtoto aliyeonyesha dalili. Shule iliyojipanga hivyo huwa sehemu ya ulinzi wa mtaa.

Kuhusu gharama na ulezi. Ni ndogo: sabuni, mkaa au gesi ya kuchemsha maji, na pengine nauli ya kuepuka daladala iliyojaa kupita kiasi ikiwa ugonjwa unapita hewani. Gharama isiyoonekana ni ya mzazi mwenyewe, ambaye lazima amkague mtoto kila asubuhi na kila jioni bila kuruka siku. Atamtazama macho na ngozi, na atauliza habari ya choo.

Inamfaa nani? Mtoto mkubwa kiasi, mwenye chanjo kamili, katika shule uliyoiona mwenyewe saa nne na ukaridhika, hasa ikiwa nyumbani hakuna mtu mzima mchana.

Njia ya pili: abaki nyumbani kwa muda

Kuhusu ugonjwa. Kumbakisha mtoto hupunguza idadi ya watu anaokutana nao, na kwa ugonjwa wa hewani hilo ndilo jambo kubwa. Mtoto mdogo asiyemaliza chanjo, au mwenye kinga dhaifu, anapata nafuu ya kweli hapa wakati surua iko katika shule yake. Kwa kipindupindu faida inategemea nyumba. Mtoto aliyebaki peke yake na kaka yake mdogo hakai ndani: ifikapo saa tano wako mtaroni, na mvua zikiwa zinanyesha na vyoo vya mtaa vikifurika, mtaro huo ni mbaya kuliko choo chochote cha shule. Nimewasikia wazazi wakisema mtoto "yuko salama nyumbani" huku mtoto huyohuyo akiwa ndiye anayetumwa na majirani watatu kwenda kuchota maji kisimani.

Kuhusu masomo. Wiki moja au mbili hulipika, mradi mzazi azungumze na mwalimu wa darasa, achukue kazi, na mtoto awe na saa maalumu za kusoma. Hatari iko pale muda unapokosa mwisho. Uganda ilifunga shule Machi 2020 na haikuzifungua kwa wanafunzi wote mpaka Januari 10, 2022. Wapo watoto waliokuwa wameshaingia kazini, na wasichana waliokuwa wajawazito au wameozwa, ambao hawakurudi tena. Ile ilikuwa amri ya nchi nzima wala si uamuzi wa mzazi mmoja, lakini inaonyesha jinsi kukaa nyumbani kunavyogeuka taratibu kuwa maisha, hasa kwa msichana wa darasa la sita ambaye mikono yake inahitajika jikoni. Kwa hiyo anayechagua njia hii aandike tarehe ya kurudi, na aandike pia jambo litakalomfanya aiongeze. Kwa kipindupindu jambo hilo linaweza kuwa kuendelea kupatikana kwa wagonjwa wapya katika kata yake, na kwa surua ni kutokamilika kwa chanjo ya mtoto.

Upo pia upande wa sheria. Mahudhurio ya shule ya msingi ni ya lazima Tanzania, na mtoto anayekosekana bila taarifa huandikwa mtoro. Mwalimu mkuu hapokei sababu kutoka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Andika barua fupi, taja sababu na muda, na kama mtoto ana tatizo la kiafya ambatisha karatasi ya daktari. Walimu wengi hulielewa hilo bila ugomvi, kwa sababu nao wana watoto.

Kuhusu gharama na ulezi. Hapa ndipo njia hii inapokuwa nzito. Mtu mzima lazima abaki. Kwa mfanyakazi wa ofisini huenda ni ruhusa ya siku chache, kwa mama lishe au fundi wa kulipwa kwa siku ni chakula cha jioni kinachopotea. Dada wa kazi anaweza kusaidia, lakini naye anahitaji kuelekezwa juu ya maji, mikono na dalili, na asiachiwe mzigo wa kuamua lini mtoto apelekwe hospitali bila simu yenye salio na nauli mkononi. Kuna watoto pia ambao uji wa shule ndio mlo wao wa uhakika wa mchana. Kumbakisha mtoto huyo bila kupanga chakula ni kumdhoofisha wakati anapohitaji nguvu.

Inamfaa nani? Mtoto mdogo sana au mwenye maradhi, penye mtu mzima na maji ya uhakika nyumbani, au pale ambapo shule imeshindwa kabisa kurekebisha vyoo na maji baada ya kuambiwa.

Njia ya tatu: apelekwe kwa ndugu

Kuhusu ugonjwa. Mvuto wake unaeleweka. Ugonjwa uko Dar es Salaam, bibi yuko Moshi au Songea, mtoto apandishwe basi tuondokane na wasiwasi. Na kweli, ikiwa mtoto hajaambukizwa na huko aendako kuna maji safi, ametoka katika hatari. Lakini kuna maswali mawili ambayo hayaulizwi stendi. Moja ni kama tayari ameambukizwa. Kipindupindu huweza kujificha kwa siku tano, Mpox kwa wiki tatu, na mtoto anayeonekana mzima anaweza kuwa ndiye anayeubeba ugonjwa hadi kijiji ambacho hakikuwa nao, kwa bibi mwenye umri wa miaka sabini, mahali ambapo zahanati iko mwendo wa saa mbili. Jingine ni kama huko kuna maji na choo bora kuliko hapa. Mto usiotibiwa unaonekana safi kwa macho tu.

Kwa Marburg na Ebola jibu ni fupi: usihame. Kuhama kwa watu kutoka penye mlipuko ndiko kunakowasumbua sana maafisa wa afya, na mara nyingine huzuiwa kisheria. Uganda ilifunga njia za kuingia na kutoka wilaya za Mubende na Kassanda Oktoba 2022 wakati wa Ebola. Familia iliyopanga kuhama inaweza kujikuta imegawanyika, mtoto upande mmoja na mama upande wa pili.

Kuhusu masomo. Ikiwa ni likizo, hakuna tatizo. Ikiwa ni muhula, kuhudhuria shule ya huko kunahitaji uhamisho wa kiofisi, na kumwacha bila shule ni kurudi kwenye njia ya pili bila mzazi kuwepo. Mwanafunzi wa darasa la mtihani asihamishwe isipokuwa kwa sababu kubwa, kwani amesajiliwa katika kituo chake cha mtihani.

Kuhusu gharama na ulezi. Nauli, matumizi ya kila mwezi kwa ndugu, na heshima inayodaiwa kimyakimya. Zungumza waziwazi na mwenyeji juu ya chanjo, dawa za mtoto na nani atampeleka hospitali. Shangazi hatakataa mtoto, lakini hiyo haimaanishi kwamba ana nafasi.

Inamfaa nani? Wale wachache wenye ndugu walio tayari, mahali penye huduma ya afya karibu, mtoto akiwa hajakutana na mgonjwa na muda wa kujificha kwa ugonjwa ukiwa umepita bila dalili, tena ikiwezekana wakati wa likizo.

Neno kuhusu bweni

Wapo wanaofikiri bweni ni salama kwa kuwa mtoto hatoki. Hilo ni kweli mpaka ugonjwa unapoingia, na ukishaingia, watu wanaolala vitanda vya ghorofa, wanaokula jiko moja na kuoga bafu moja huambukizana kwa kasi ambayo shule ya kutwa haifikii. Uganda ilipofunga shule Novemba 25, 2022, wiki mbili kabla ya muhula kuisha, sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza mkusanyiko wa watoto wakati wa Ebola. Mzazi wa mtoto wa bweni aulize kama kuna muuguzi, chumba cha kumtenga mgonjwa, na nani hupigiwa simu usiku. Akiridhika, amwache huko. Kumtoa katikati ya mlipuko ulio bwenini bila kuwauliza maafisa wa afya ni kuuleta nyumbani.

Kulingana na hali yako

Ikiwa ni kipindupindu, mtoto ana miaka minane au zaidi, na shule ina maji ya kunawa na ya kunywa yanayoaminika, njia ya kwanza ina sababu nyingi za kupendelewa, na juhudi zako uzielekeze kwenye chupa, sabuni na vitafunio vya getini. Weka pakiti za ORS (dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini) nyumbani na ujue kwamba pakiti moja huchanganywa na lita moja ya maji safi. Mtoto akianza kuharisha maji mfululizo, mwanzishie hapohapo huku ukimkimbiza kituo cha afya, usisubiri asubuhi. Kipindupindu kinachotibiwa mapema huua chini ya mtu mmoja katika kila mia, lakini kinachocheleweshwa kinaweza kuua ndani ya saa chache. Simu ya bure ya Wizara ya Afya ya Tanzania ni 199.

Ikiwa ni kipindupindu na shule haina maji, usianze kwa kumtoa mtoto. Nenda na wazazi wengine wawili au watatu kwa mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati ya shule, pelekeni madumu na dawa ya maji, mwombeni afisa afya wa kata afike. Mambo haya hukamilika ndani ya siku mbili tatu panapokuwa na watu wa kuyasukuma, na katika siku hizo mtoto anaweza kubaki nyumbani. Zikipita bila badiliko, njia ya pili kwa tarehe maalumu ni ya haki, kwa wenye nyumba inayoruhusu.

Ikiwa ni surua, fungua kadi ya kliniki kabla ya kufikiri jambo jingine. Dozi mbili zimekamilika, aende. Hazijakamilika, apate chanjo kwanza na abaki nyumbani hadi wahudumu wa kliniki watakaposema arudi. Penye mtoto mchanga wa chini ya miezi tisa nyumbani, mkague yule mkubwa kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa mchanga huyo hawezi kuchanjwa bado katika ratiba ya kawaida na ndiye atakayeumia akiletewa. Aliyeumwa surua arudi darasani siku nne zikiwa zimepita tangu upele utokee na afya ikiruhusu.

Ikiwa ni macho mekundu, kumtoa mtoto mzima kwa wiki kadhaa ni kupoteza masomo bure. Mfundishe kutogusa macho na kutoazima kitambaa. Akishaambukizwa ndipo abaki nyumbani hadi macho yakauke, na asitiwe chochote cha kienyeji machoni.

Ikiwa ni Mpox, na shuleni kwake hajapatikana mgonjwa, aende, ila aambiwe asivae sweta la mwenzake wala kugusa vidonda. Akipatikana mgonjwa darasani, fuata orodha ya waliokutana naye: aliyemo hufuatiliwa kwa siku 21, na asiyemo huendelea na masomo yake. Mtoto aliyeugua hurudi magamba yote yakiwa yameanguka na ngozi mpya kuota.

Ikiwa ni Marburg au Ebola katika wilaya yako, kaa hapo ulipo, mweke mtoto mbali na misiba na wagonjwa wa mtaani hata kama ni wa ukoo, na swali la shule uliache mikononi mwa mkuu wa wilaya na timu ya afya, ambao watajua kabla yako ni kata ipi ina mgonjwa na ipi haina.

Na ikiwa mtoto yuko darasa la nne au la saba, kidato cha pili au cha nne, na mtihani uko karibu, zungumza na shule juu ya mpango wa kati: aende kwa vipindi vya masomo ya mtihani tu, arudi nyumbani bila kupitia kambi ya jioni wala masomo ya ziada ya chumba kilichofungwa madirisha. Shule nyingi hukubali mpango huo zikiombwa mapema, kabla orodha ya kambi haijabandikwa ukutani.